Fundi wa Shambani: Hewa Inapoingia Mahali pa Maji

Barua za toleo hili zimetoka Tabora na Kigoma, na nyingi ziliandikwa kati ya Agosti na Oktoba, wakati mabonde yamekauka, visima vimeshuka na kila mwenye bustani anaishi kwa kutegemea pampu. Nimezipanga kwa kutazama kwanza hatari, kisha hasara, ndiyo maana barua ya kwanza imepewa nafasi kubwa kuliko nyingine zote.

Ndugu Fundi, nina bustani ya nyanya ya robo ekari pembeni mwa mbuga, yaani bonde tambarare, wilayani Urambo. Kisima nilikichimba mwenyewe kwa jembe na sururu, na pampu yangu ni ya petroli, ya inchi 2. Tangu Juni hadi Agosti ilivuta vizuri. Septemba ilianza kutoa maji kidogo, na sasa injini inanguruma lakini hata tone halitoki. Nimepima kwa kamba: kutoka kwenye pampu hadi uso wa maji ni mita 8 na nusu. Fundi mmoja wa mjini ameniambia pampu imekwisha, ninunue mpya. Mimi nimewaza kupanga magogo ndani ya kisima, mita 4 kutoka juu, niishushe pampu ikae hapo. Je, nitumie magogo ya mti gani ili yasioze?
*Mkulima wa nyanya, Urambo*

Mkulima mwenzangu, usiishushe. Nakuomba uanze na jambo hilo kabla hujasoma mengine, na kama magogo umekwisha kuyapanga, yatoe. Injini ya petroli ikifanya kazi ndani ya kisima hutoa kaboni monoksidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Haina rangi wala harufu, na ndani ya shimo haina pa kwenda. Anayeshuka kuongeza mafuta au kukaza klipu hulegea magoti kabla hajajua kwamba anaumwa, na anayeruka kumwokoa huanguka juu yake. Hata injini ikiwa imezimwa tangu jana, gesi yaweza kuwa bado imo. Wapo wanaojaribu kwa kuteremsha mshumaa au kibatari: mshumaa ukizimika hukuonyesha kwamba hewa ya kupumua imepungua, lakini ukiendelea kuwaka haukuambii lolote juu ya gesi hii. Hakuna aina ya mti nitakayokutajia.

Sasa tuitazame pampu yako, ambayo kwa maelezo uliyotoa naamini ni nzima. Pampu ya namna hii haivuti maji kama mtu anavyovuta ndoo kwa kamba. Inachofanya ni kupunguza hewa iliyomo ndani ya mpira wa kuvutia, kisha hewa ya nje, inayokandamiza uso wa maji kisimani, ndiyo inayoyasukuma yapande. Katika usawa wa bahari hewa hiyo ina nguvu ya kuinua maji mita 10 na kidogo, na haizidishi, hata pampu iwe mpya na ya bei ya namna gani. Tabora iko mita zipatazo 1,200 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi zaidi, kwa hiyo kikomo hushuka hadi karibu mita 9. Ukitoa msuguano wa maji katika mpira na vijitundu visivyokosekana kwenye maungio, kazini unabaki na mita 6, au 7 mambo yote yakiwa sawa. Mwezi wa Juni maji yako yalikuwa ndani ya kipimo hicho. Septemba yameshuka nje yake. Pampu mpya ingekupeleka mahali hapo hapo, na fedha zimekwisha.

Ukiwa na uwezo, suluhisho la moja kwa moja ni pampu ndogo ya umeme wa jua ya kuzamisha, kwa sababu yenyewe hukaa ndani ya maji na kuyasukuma kwenda juu, na wala haina moshi. Kama uwezo huo haujafika, nakushauri utengeneze pampu ya kamba, kazi ambayo mtu aliyechimba kisima kwa sururu anaiweza kabisa. Unahitaji bomba la plastiki la inchi 1 linaloshuka hadi chini ya maji, kamba ya nailoni ya milimita 6 iliyofungwa mwisho kwa mwisho ikawa duara refu, na visahani vya mpira vilivyokatwa kutoka kwenye tairi kuukuu na kufungwa kwenye kamba kila baada ya mita 1. Juu ya kisima unaweka gurudumu lenye mkono wa kuzungushia, ambalo wengi hulitengeneza kwa kingo mbili za ndani za tairi zilizobanwa pamoja ili kamba ikamatwe katikati. Chini unaweka jiwe la zege lenye kipande cha bomba kilichopindwa, ili kamba igeuke taratibu na kuingia bombani bila kujikwaruza.

Siri yote imo kwenye visahani, nami nakuomba uvikate kwa subira. Kila kisahani kipite ndani ya bomba bila kukwama, lakini nafasi inayobaki pembeni isizidi milimita 1 hivi. Kikibana, mkono utakuwa mzito na kamba italika; kikilegea, maji yatarudi chini kabla hayajafika. Mimi hukata kimoja, nikakivuta kwa uzi ndani ya kipande kifupi cha bomba nikiwa nimekilowesha, na kikishanipendeza ndipo kinakuwa kipimo cha vingine vyote.

Kwa kina cha mita 8 hadi 10, mtu mzima anayezungusha bila kujichosha hupata kama lita 40 kwa dakika. Robo ekari ni karibu mita za mraba 1,000, na nyanya katika joto la Oktoba zikihitaji milimita 5 za maji kwa siku, hizo ni lita 5,000, yaani saa mbili na dakika chache za kuzungusha, mkipokezana asubuhi na jioni. Ni jasho, sikufichi. Lakini kabla ya yote pima kisima chenyewe: kiteke hadi kipungue, halafu uangalie kinajaa kwa muda gani. Kama hakirudishi lita 5,000 kwa siku, punguza matuta uliyonayo sasa, na yatakayobaki uyafunike kwa majani makavu, kwa kuwa hakuna pampu itakayotoa maji ambayo hayamo. Ukimaliza, kifunike kisima kwa mfuniko wa zege au mbao nzito. Kisima kilicho wazi pembeni mwa mbuga hutumbukiwa na ndama, na siku nyingine na mtoto.

Shikamoo Fundi. Kisima changu hakizidi mita 4, kwa hiyo najua kina si tatizo. Nikiijazia pampu maji inavuta dakika mbili tatu, kisha maji yanatoka kwa kukatika-katika mpaka yanakoma. Nikizima na kurudi baada ya kula, pampu imekauka, lazima nianze upya kuijazia.
*Mama wa mboga, Sikonge*

Marahaba, mama. Umeeleza dalili mbili, na kila moja ina mlango wake.

Pampu kukauka ikiwa imezimwa ni dalili ya futivalvu, yaani kile kikapu chenye mlango wa mpira kilichopo mwisho wa mpira wa kuvutia. Mlango huo unapaswa kuyazuia maji yasirudi kisimani. Utoe mpira wote kisimani, unyanyue ncha ya juu, uujaze maji kwa kopo, kisha utazame kikapu: kikidondosha, mlango haufungi. Niliwahi kushinda siku nzima shambani kwangu Uyui nikifungua pampu, nikabadilisha gasketi ambayo haikuwa na kosa, na jua lilipokaribia kuzama ndipo nikageukia futivalvu na kukuta ganda la karanga limebanwa chini ya mlango, nusu ndani, nusu nje. Miche ya kabichi niliyoihamisha juzi yake ilikuwa imelala yote. Kwa hiyo anza hapo. Safisha, na kama mpira wa mlango umekakamaa au umepinda, kata mwingine kutoka kwenye tyubu ya lori ukitumia ule wa zamani kama kipimo. Tyubu ya baiskeli ni nyembamba mno, itanyonywa ndani.

Maji kutoka kwa kukatika-katika ni dalili ya hewa kuingia upande wa kuvutia. Tundu la upande wa kutolea hujionyesha lenyewe kwa sababu hurusha maji. La upande wa kuvutia halivuji hata tone, linavuta hewa kimya kimya. Washa pampu, uzamishe mwisho wa mpira wa kutolea ndani ya ndoo iliyojaa, na ukiona mapovu yanapanda mfululizo, hewa inaingia. Kisha chukua sabuni ya kufulia, uikoroge iwe povu zito, upake kwenye kila ungio la upande wa kuvutia wakati pampu inafanya kazi. Mahali povu linapozama ndani, ndipo penye tundu. Mara nyingi huwa ni chini ya klipu: kata sentimita 5 za mwisho wa mpira zilizochoka, uurudishe, na ufunge klipu mbili zinazokabiliana, si moja. Hakikisha pia kikapu kinakaa nusu mita chini ya uso wa maji na hakigusi tope la chini. Maji yakipungua hadi kikapu kikaribie juu, utaona yanazunguka kama kisulisuli kidogo na kunyonya hewa hapo hapo.

Fundi, pampu yangu ilikaa stoo tangu masika. Sasa haiwaki kabisa, hata nikivuta kamba mara hamsini.
*Kijana wa Nzega*

Kijana wangu, petroli iliyokaa miezi kadhaa ndani ya kabureta hupoteza sehemu nyepesi hewani ikabaki gundi ya rangi ya asali, nayo huziba jeti, yaani kile kipande chenye tundu dogo la kupitishia mafuta. Mwaga petroli ya zamani, fungua kikombe cha chini cha kabureta, utoe jeti, uiloweke katika petroli mpya na kuipitisha uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Usitumie waya wala sindano, kwa maana tundu lile likipanuka hata kidogo injini itakunywa mafuta daima. Kausha plagi na uisugue kwa brashi. Safari nyingine, kabla ya kuiweka stoo, funga koki ya mafuta na uiache injini izime yenyewe, ili kabureta ibaki tupu.

Fundi, nalima kahawa na migomba mlimani wilayani Buhigwe. Bondeni kuna kijito kisichokauka mwaka mzima, lakini kitalu changu cha miche kiko juu yake. Wanangu wanapanda na madumu ya lita 20 kichwani asubuhi na jioni kabla na baada ya shule. Pampu ya mafuta siiwezi, kila wiki petroli. Nimesikia kuna pampu isiyotumia mafuta wala umeme. Ni kweli au ni porojo?
*Mzee wa Buhigwe*

Ni kweli, mzee wangu, na barua yako imenifurahisha kuliko zote, kwa sababu milima ya Buhigwe na Kasulu ina kile hasa ambacho mtambo huu unahitaji, yaani maji yanayoteremka. Unaitwa haidramu. Mfaransa Joseph Michel Montgolfier, mmoja wa ndugu wawili waliorusha puto la hewa moto mwaka 1783, aliutengeneza mwaka 1796, na kanuni yake haijabadilika.

Unafanya kazi hivi. Maji ya kijito yanaingia katika bomba la chuma lenye mteremko, yanashika kasi na kumwagika nje kupitia valvu ya kwanza. Kasi ikikua, maji yenyewe huibamiza valvu hiyo ikafunga ghafla. Maji yaliyokuwa yanakimbia hayana pa kwenda, kwa hiyo hupiga kwa kishindo, kile kile unachokisikia kwenye bomba la nyumba mtu anapofunga koki kwa haraka. Kishindo hicho hufungua valvu ya pili na kusukuma kiasi kidogo cha maji ndani ya chupa ya chuma yenye hewa, nayo hewa ikibanwa huyasukuma yapande mlimani. Nguvu ikishaisha, valvu ya kwanza huanguka wazi na kazi huanza tena. Mtambo uliotulia hupiga kama mara 40 hadi 60 kwa dakika, mchana na usiku, na ukizoea utaujua mlio wake kama unavyoujua mlio wa saa ya ukutani.

Kabla hujanunua kitu, pima vitu vitatu. Kwanza, wingi wa maji: kinga kijito kwa udongo na kipande cha bomba, uone ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde ngapi; ikijaa kwa sekunde 20 una lita 60 kwa dakika. Pili, mteremko wa kijito, na tatu, urefu wa kupanda hadi kitaluni. Hivi viwili vipime kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga uliojazwa maji, ule wanaotumia mafundi wa ujenzi kusawazisha msingi, ukipanda hatua kwa hatua na kujumlisha.

Tuseme una lita 60 kwa dakika, kijito kinateremka mita 3 katika sehemu utakayoitumia, na kitalu kiko mita 24 juu ya mtambo. Zidisha 60 kwa 3, ugawe kwa 24, kisha uchukue sehemu 6 kati ya 10 za jibu, kwa kuwa zilizobaki hupotea njiani. Unapata lita 4 na nusu kwa dakika. Zinaonekana chache, lakini mtambo haulali: kwa saa 24 ni lita 6,480, sawa na madumu 324 ambayo hakuna mtoto atakayeyabeba. Maji mengine yote yanarudi kijitoni kwa ajili ya walio chini yako. Jenga tangi kitaluni ili maji ya usiku yasimwagike bure.

Bomba la kuleta maji kwenye mtambo liwe la chuma, kwa sababu la plastiki hutanuka na kulipunguza pigo. Kwa mfano wetu la inchi 2 linatosha, lenye urefu wa mara 4 hadi 6 ya mteremko, yaani mita 12 hadi 18, lililonyooka bila kona. Mtambo uufunge kwa bolti juu ya zege, la sivyo utatembea. Fundi wa kuchomelea aliyepo Kasulu anaweza kuuunga kwa vipande vya kawaida vya bomba na valvu mbili. Kosa linalowapata wengi ni kusahau tundu dogo la kuvutia hewa, la milimita 1 hadi 1 na nusu, chini kidogo ya valvu ya pili. Hewa ya ndani ya chupa humezwa na maji pole pole, na bila tundu hilo la kuirejesha chupa hujaa maji, mapigo yanakuwa makali kama nyundo juu ya chuma na baada ya wiki kadhaa kitu kinapasuka. Ukisikia mlio umebadilika kuwa mkavu, funga maji na utazame tundu hilo kwanza.

Jambo la mwisho, mzee wangu. Chukua barua ya serikali ya kijiji uende ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, iliyopo Kigoma, ukaulize kuhusu kibali cha kutumia maji. Kitalu nacho kikae zaidi ya mita 60 kutoka ukingoni mwa kijito, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka. Kijito kisichokauka mwaka mzima ni kitu cha kulindwa.

Mashine yetu ya dizeli ya kusaga muhogo iliishiwa mafuta ikiwa kazini. Tumejaza tangi, lakini inazunguka tu bila kuwaka.
*Kikundi cha akina mama, Uvinza*

Akina mama, hewa imeingia kwenye njia ya dizeli. Legezeni bolti iliyopo juu ya filta na mwache dizeli itoke. Mwanzo itatoka na povu, ikitoka safi kazeni. Fanyeni hivyo hivyo kwenye pampu ya dizeli, na mwisho legezeni nati ya bomba la nozeli nusu mzunguko, mzungushe injini hadi dizeli ichuruzike, kisha mkaze. Wakati wa kuzungusha msiweke kidole karibu na nati hiyo. Dizeli inayotoka kwa nguvu pale hupenya ngozi, na jeraha lake, hata likionekana dogo kama la mwiba, ni la kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Khanga na vitenge vifungwe vizuri kabla ya kusogea kwenye mkanda.

Oili ya giaboksi ya pawatila yetu, trekta ndogo ya kushika kwa mikono, imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Tunalima majaruba ya mpunga.
*Ndugu wawili, Igunga*

Ndugu zangu, weupe huo ni maji yaliyochanganyika na oili, na beringi zenu sasa zinazunguka bila kinga. Msilime hata jaruba moja zaidi. Mwageni oili ikiwa bado ya moto, mjaze dizeli kidogo, mzungushe kwa mkono kuosha, mmwage tena, kisha mjaze oili mpya. Maji yamepita kwenye sili ya ekseli ya magurudumu, ile pete inayozuia oili isitoke: itoeni na mtazame kama nyasi au uzi wa gunia umejizungusha nyuma yake, kwa kuwa ndio unaoikata, kisha mweke sili mpya. Tafuteni pia tundu la kupumulia la giaboksi. Likizibwa na tope, giaboksi yenye moto ikitumbukia kwenye maji baridi hujinyonyea maji kupitia sili hata iliyo nzima. Lizibueni kwa kijiti kila jioni kabla ya kuosha mashine, na baada ya siku tatu za kazi fungueni kifuniko mtazame rangi ya oili. Ikiwa imeanza kuwa nyeupe tena, hiyo sili mpya imewekwa kinyume. Mdomo wake wenye springi unapaswa kuelekea kwenye oili.